Kamba ya mpini wa kisu inafunguka mwishoni? Acha kupiga fundo juu

Swali la leo limetoka kwa kijana wa Hombolo, hapa Dodoma, anayelima zabibu, nimelipunguza kidogo maana lilikuwa refu:

"Shikamoo fundi, mbukwenyi. Nina kisu nilichongewa na mhunzi, cha springi ya gari, chuma kitupu toka ncha mpaka kitako, hakina mbao wala tundu. Nikanunua kamba ya parakodi nyeusi nikauzungushia mpini, aisee kilipendeza. Shida ni mwisho. Nilipiga fundo mbili juu yake, likakaa kama punje ya hindi katikati ya kiganja, siku mbili tu za kukata zabibu nina lengelenge. Wiki ya tatu likalegea lenyewe na kamba yote ikaanza kuzunguka kwenye mpini kama soksi iliyokufa lastiki. Nikalichoma na kiberiti cha gesi, likawa gumu lina kingo, sasa linanikwangua. Nifanyeje mwisho ukae smuthi na usifunguke? Sitaki kununua kisu kingine."

Marahaba mdogo wangu, mbukwa. Kisu usinunue, hicho chako ni kizuri kuliko vingi vya dukani, na hata kamba sidhani kama ina kosa, ila hapo kwenye kupiga fundo mbili halafu kiberiti ndipo karibu kila mtu anapoharibu, mimi mwenyewe nimefanya hivyo miaka na miaka kabla sijashtuka.

Kuna kitu kimoja ukikishika, haya mengine yote yanakuja yenyewe. Fundo halishiki kamba, kamba inashikwa na raundi. We ni mtu wa huku, lazima umeshafika mnadani Msalato ukaona dume la ng'ombe linavyozuiwa kwenye nguzo: yule jamaa hahangaiki na fundo, anazungusha kamba kwenye nguzo mara tatu nne halafu anashika ncha kwa mkono mmoja, dume linavuta mpaka linachoka na jamaa mkono wa pili anakula karanga. Kila raundi inayoongezeka inakula sehemu ya mvuto, mpaka ukifika mkononi kwake umebaki kidogo tu. Sasa mpini wako ndiyo ile nguzo, na wewe huna raundi nne, una kama 25. Mvuto unaofika kwenye ile ncha ya mwisho hauzidi wa mtoto anayevuta shati, kwa hiyo pale mwisho huhitaji fundo la nguvu, unahitaji tu kuibana ncha isitoke nje. Na kitu cha kuibana tayari unacho, ni hizo hizo raundi. Unairudisha ncha chini yake, unaizika, basi. Hamna fundo juu, hamna punje ya hindi, hamna cha kukwangua kiganja.

Na kama kamba yote ilikuwa inazunguka kama soksi, basi hata ungepiga fundo la nahodha lingelegea tu, maana raundi zenyewe zilikuwa luzi. Kwa hiyo tunaanza upya. Kata yote, toa, usihurumie.

Kwanza kagua kamba yenyewe, maana siku hizi parakodi ni jina tu. Ile yenyewe ilianzia kwenye miamvuli ya wanajeshi wa Marekani, ina unene kama milimita 4, na ukikata ncha ukavua ganda unakuta nyuzi 7 ndani, kila moja imesokotwa vizuri. Inaitwa 550 kwa sababu inabeba pauni 550, kama kilo 250 hivi. Ukivua ukakuta mle ndani kuna manyoya tu kama ya mto wa kulalia, hiyo ni pambo, kwa mpini bado inafaa ila usiivute kama unavuta ng'ombe. Jaribio lingine rahisi, kata kipande uloweshe, kikamue hewa itoke, weka kwenye glasi ya maji: nailoni inazama, ile plastiki ya kamba nyingi za kuanikia nguo inaelea. Inayoelea usiweke kwenye mpini, inateleza, haishiki raundi, na ikiona moto inayeyuka mapema sana. Watu wanaita zote manila na muuzaji naye atakuitikia manila, wewe amini glasi.

Halafu mpini. Springi ya gari siyo chuma cha kutopata kutu, na kamba ikinywa jasho na maji ya zabibu inakaa na unyevu pale chini siku nzima, ukija kufungua mwakani unakuta kutu imekula. Piga msasa mpaka kung'ae, futa, paka vanishi au rangi nyepesi iache ikauke kabisa, siyo nusu nusu. Mimi juu ya hapo navalisha tyubu ya baiskeli, kipande kilichochanwa upana wa vidole viwili, nakizungusha safu moja tu bila kupandanisha. Watu wananicheka kwamba naweka raba mahali pa ngozi, ila ile raba ndiyo inafanya kamba isizunguke, inabonyea kidogo halafu inasukuma nje muda wote kwa hiyo kamba inakaa tait hata ikitanuka. Kama mpini wako unaenda ukichongoka kuelekea kitako, chukua tupa ya mviringo ukwangue vijinafasi viwili vidogo, kimoja kila ukingo, sentimita moja kabla ya mwisho, raundi ya mwisho ilale humo. Bila hivyo itateleza itoke kama pete kwenye kidole chenye sabuni.

Na kabla hujagusa kamba, funga bapa. Karatasi ngumu ya boksi ikunjwe mara mbili juu ya makali, tepu ya umeme juu yake, hapo bado nafunga na kitambaa. Nitakuambia kwa nini nasisitiza. Kuna mwaka nilikuwa namalizia kisu cha mteja, nikaona aah, dakika mbili tu, sina haja ya kufunga. Nikawa navuta uzi kwa nguvu kuelekea upande wa makali, uzi ukakatika, mkono ukaenda wenyewe moja kwa moja. Nyuzi nne kwenye kidole cha kati, na aliyenishona akaniuliza unafanya kazi gani, nikasema fundi visu, akacheka mpaka mkasi ukamwanguka.

Sasa urefu. Pima mpini sehemu utakayofunika, tuseme sentimita 10. Kamba ya milimita 4 inakupa raundi 25. Zungusha uzi kwenye mpini upime mzingo, tuseme sentimita 7, lakini kamba nayo ina unene wake kwa hiyo kila raundi itakula nane na kitu, zidisha unapata kama mita 2 na sentimita 6, weka na za kuzika mwanzo na mwisho na za kushikia, kata mita 2 na nusu. Ukibakiwa na kipande hujafa, ukipungukiwa raundi tatu utalia.

Loweka hiyo kamba kwenye maji ya uvuguvugu, ikamue, izungushe ikiwa na unyevu, maana nailoni mpya ikikauka inanywea kidogo na kukaza raundi. Hii ni kwa nailoni tu lakini. Kamba ya pamba inafanya kinyume, ikilowa ndiyo inakaza na ikikauka inalegea, si umeona kamba ya nguo ya pamba mvua ikinyesha inavyojivuta, sasa ukiizungusha mbichi kwenye kisu halafu huu upepo wetu wa kiangazi ukaipata, jioni unakuta mpini umevaa gauni.

Mwanzo uko hivi: ncha ya kuanzia ilaze kwenye ubavu wa mpini, imetoka upande wa bapa inaelekea kitakoni, sentimita 6 hivi, halafu unaanza kuzungusha pale karibu na bapa ukiifunika. Hapo mwanzo umeshajizika wenyewe. Ule upande mwingine wa kamba nenda kaufunge kwenye nguzo au kitasa cha mlango uliofungwa, wewe simama nao mbali, shika kisu kwa mikono miwili, egemea nyuma kwa uzito wa mwili, sasa unakizungusha kisu kikiifuata kamba, unasogea polepole kuelekea mlangoni. Siyo mikono inayokaza, ni mwili. Ukizungusha kamba kwa vidole huku umekaa kwenye stuli huwezi kupata mkazo unaofanana, raundi tano za kwanza zinakuwa tait, zinazofuata umechoka. Kila raundi tatu nne isukume kwa kucha ya dole gumba zibanane.

Ukifika raundi ya 17, simama. Hapa ndipo swali lako lilipo.

Mwambie mtu ashike kisu au kaza kamba kwa gumba. Chukua uzi mwembamba lakini mgumu, ule wa mafundi viatu uliopakwa nta unafaa sana, kama sentimita 40, ukunje katikati upate kitanzi. Kitanzi kina kichwa, pale ulipokunja, na miguu miwili. Ulaze juu ya mpini hivi: kichwa kielekee kitakoni na kipite nje ya mwisho wa mpini kama sentimita 3, miguu ielekee upande wa bapa, ipite juu ya raundi ulizokwisha kuzungusha. Ubavu gani? Kama unatumia mkono wa kulia, weka ubavu wa kushoto wa mpini, kisu makali yakiwa chini. Shika kisu sasa hivi uone, kiganja chote kinalala ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto zinafika ncha za vidole tu. Anayetumia kushoto ageuze. Wewe ulilifunga fundo lako upande wa kiganja, ndiyo lengelenge lile.

Endelea kuzungusha raundi 8 zilizobaki juu ya huo uzi, lakini hizi za mwisho zipunguzie pumzi kidogo, ziwe zimekaza ila siyo za kuua, utazikaza baadaye. Kwa nini 8? Chini ya 5 ncha itachomoka ukivuta kwa nguvu siku moja kazini, zaidi ya 10 hutaweza kuipitisha, utakata nyuzi mpaka uchukie kazi. Ukifika mwisho kata kamba ukiacha sentimita 15, raundi ya mwisho ibane na gumba usiiachie hata mtu akikuita.

Sasa utumbo. Hiki ndicho kidude ambacho wengi hawakijui na ndicho kinatofautisha mpini wa fundi na wa mtu anayejaribu. Ile ncha ya sentimita 15 ukiipitisha chini ya raundi ikiwa nzima, itafanya tuta, mlima kabisa unaupapasa kwa kidole. Kwa hiyo toa nyuzi za ndani. Sukuma ganda lirudi nyuma kuelekea mpini, lijikunje kama mkono wa shati, utaona zile nyuzi 7 zinachungulia, zivute zote kwa pamoja mpaka uhisi zimefika karibu na raundi ya mwisho, zikate hapo, halafu lainisha ganda lirudi mbele. Litarudi likiwa tupu, bapa kama utepe. Ncha yake ipitishe kwenye moto sekunde moja iwe ngumu na nyembamba kama ncha ya kamba ya kiatu, ila usiishike na vidole ikiwa ya moto, nailoni iliyoyeyuka ikishika ngozi haitoki bila ngozi.

Pitisha huo utepe kwenye kichwa cha kitanzi, sentimita 5 zitokeze upande wa pili. Paka sabuni kavu kidogo. Miguu ya kitanzi izungushe kwenye kijiti upate mpini wa kuvutia, kisu kikiwa kimebanwa kwenye vaisi au katikati ya mbao mbili, na uvute kwenda JUU, siyo kuelekea kwenye makali, ile hadithi ya nyuzi nne si umeisoma. Kwanza kichwa cha kitanzi kinaingia chini ya raundi ya mwisho, kinagoma kidogo, unatikisa kushoto kulia, halafu unaona kabisa uvimbe unatembea chini ya raundi kama panya chini ya mkeka, moja, mbili, tatu, mpaka utepe unachungulia katikati ya raundi ya 17 na ya 18. Hapo raha yake siwezi kukueleza, nimefanya mara nyingi mno na bado kila mara natabasamu mwenyewe.

Usikate! Wengi wakifika hapa wanakata kwa furaha. Zile raundi 8 ulizipunguzia pumzi bado ziko luzi. Anza na ya 18, isokote kwa gumba kuelekea kitakoni, ulegevu uhamie ya 19, endelea hivyo hivyo mpaka ya mwisho, halafu vuta utepe kwa plaizi ulegevu wote uingie ndani. Rudia mara mbili. Sasa vuta utepe uwe umenyooka tait, kata kwa wembe usawa kabisa wa kamba, ukiachia ule mvuto kibutu chenyewe kinaruka kinarudi ndani, hukioni tena. Hakuna kuchoma. Kama moyo haujatulia, tone moja la supagluu kwa ncha ya pini kwenye ule mwanya, tone moja, usimimine. Na kama kamba yako ni ya pamba hiyo supagluu iache kabisa, pamba na supagluu zikikutana zinatoa joto mpaka moshi.

Kuhusu ile ya kiberiti. Nailoni inayeyuka kwenye nyuzi joto 220 mpaka 260 hivi za Selsiasi kutegemea aina, halafu ikipoa inakuwa kama kioo cha plastiki. Kwenye ncha ya kamba ya begi sawa, haigusani na mtu. Kwenye kiganja kinachokaza kisu kutwa nzima ni sawa na kushika changarawe. Ukilazimika kuchoma, choma kidogo kisha kandamiza na mgongo wa kijiko kilicholowa ilale bapa, na iwe mahali ambapo mkono haufiki.

Kuna mtu ataniambia mbona hujamwambia atoboe tundu. Tundu ndiyo njia nzuri kuliko zote nakubali, unapitisha ncha mbili, moja kila upande, unazikutanisha unapiga fundo la kulia juu ya kushoto halafu kushoto juu ya kulia, hapo hapo unapata na kamba ya kuning'iniza. Lakini springi iliyokwisha kupikwa na mhunzi inakula drili kama biskuti. Ukitaka, mrudishie huyo huyo mhunzi, bapa alizamishe kwenye maji au alifunge matambara yaliyolowa ili makali yasipoteze ugumu, apashe kitako peke yake kiwe chekundu, akiache kwenye majivu kipoe taratibu, kitakubali kutobolewa. Akikuambia hakuna haja ya kulinda bapa, chukua kisu chako uondoke.

Njia nyingine ninayoipenda kwa uzi mwembamba wa viatu, siyo parakodi, ni ile ya nusu fundo. Unaanzia katikati ya uzi, unazungusha, ukikutana mbele unapiga nusu fundo, unapeleka ncha nyuma unapiga nusu fundo, mbele, nyuma, mbele, nyuma, mpaka mwisho, unamalizia na fundo kamili moja dogo sana unalisukumia chini ya raundi kwa shazia. Haina urembo, nusu fundo zinajipanga mistari miwili kama mshono wa gunia, lakini hata ikikatwa mahali pamoja haifunguki yote, na ile moja ya kuzika ikikatika popote basi ndiyo kwaheri. Kwa mtu wa porini, mrina asali au mchungaji, namfungia hii.

Halafu kuna fundo la kilemba. Waingereza wanaliita kichwa cha Mturuki kwa sababu linafanana na kilemba, na kiukweli ni msuko tu wa nywele wa pande tatu ambao mwisho wake umerudi kuungana na mwanzo, pete ya msuko. Linavalishwa pale mwisho kufunika mahali kamba ilipoishia. Zuri sana. Ukijaribu kulisuka kumbuka kwamba hesabu ya pande na hesabu ya vipinda vya ukingoni zisigawanyike zote mbili kwa namba ile ile iliyozidi moja, pande 3 na vipinda 4 inakubali, 3 na 5 inakubali, 3 na 6 utasuka mpaka usiku na kamba moja haitafunga, utarudi ulikoanza kabla pete haijaisha. Lakini kwako wewe sikushauri, linaongeza unene kitakoni na wewe umechoka na unene. Ni la kisu cha ukutani. Wajapani nao kwenye mipini ya panga zao za katana wanapishanisha utepe wa hariri au pamba, wanaweka vikaratasi vilivyokunjwa chini ya kila pishano ili lisihame, na wanamalizia kwa mafundo yaliyokaa kitakoni kabisa mbali na kiganja. Angalia na wao hawakuweka fundo kiganjani.

Na wazee wetu walikuwa na jibu ambalo halina fundo kabisa, sijui kwa nini tumeliacha. Mkia wa ng'ombe. Ngozi inavuliwa ikiwa mbichi bila kuchanwa, inatoka kama soksi, unavalisha kwenye mpini ikiwa bado imelowa, unakata kingo, unaacha kivulini. Ngozi mbichi ikikauka inanywea inashika chuma kama imezaliwa nayo, na huku kwetu kiangazi na upepo huu haichukui siku nyingi. Kosa lake ni moja, ikilowa sana inalainika inalegea, kwa hiyo masika unailinda, unaipaka mafuta. Nazungumzia ngozi maana mtu akiniambia kamba ya dukani tu ndiyo inaweza, namwambia babu zetu walisokota kamba za gome la mbuyu na mafundo hawakuyaficha kwa supagluu.

Jambo moja la kukukatalia. Umeandika ni cha kukatia zabibu, sawa kabisa. Lakini najua kisu cha shambani hakikosi kuku siku ya sikukuu. Usikitumie kwa nyama. Kamba inanywa damu na mafuta, huwezi kuisafisha mpaka ndani, na mafuta yakiingia inateleza mkononi wakati mbaya kuliko wote. Kisu cha nyama kiwe cha mpini wa plastiki au mbao nzima iliyofungwa vizuri. Juisi ya zabibu haina neno, inanata tu, kila jioni ikiwa imekaza sugua na mswaki wa zamani na maji ya sabuni, vumbi la Dodoma likikaa katikati ya raundi linasaga kamba kama msasa, halafu ining'inize kivulini ikauke, usiache juu ya bati au kwenye dashibodi, jua linaichosha nailoni rangi inapauka na nguvu inapungua. Ukitaka kuipaka kitu, nta ya nyuki, ya Manyoni au popote, ikwangue kidogo uisugue juu na kiganja chenye joto, inajaza mianya inazuia jasho. Kidogo tu, ukizidisha inakuwa kama mshumaa.

Mara ya kwanza utachukua kama saa nzima na uzi wa kuvutia utakukatikia, kawaida, weka mwingine. Na kama duka la viatu liko mbali usisumbuke kwenda mjini kwa ajili ya uzi: ile kamba ya zamani uliyoikata, vua ganda lake, chukua nyuzi tatu za ndani zisokote pamoja, hicho ndicho kitanzi chako.